Meli Haina Shangazi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ila niseme ukweli: katika vitu vyote vilivyojaa madukani Kariakoo, mkaona mie nipewe saa. Mtu amefukuzwa na saa tangu usichana wake mpaka magoti yameanza kulia, mkamfungia saa nyingine kwenye karatasi ya kumetameta na kupiga makofi. Ipo hapa Boko, juu ya kabati, ndani ya boksi lake.

Nisingeandika haya kama Neema, aliyekalia kiti changu cha uratibu wa safari, asingepiga simu. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akauliza habari za mapumziko, nikasema nzuri. Kisha akashusha sauti. "Mama, ile ishu ya kuongeza kituo cha bara kwenye safari ya kaskazini imerudi. Bosi anasema tuiangalie upya." Niliiweka chini ndoo ya kumwagilia. Imerudi! Kuna mambo ukiyazika unatakiwa uweke na zege juu. Basi nimeona niandike mara moja, kila atakayekalia kiti kile asome, mie niachwe nimwagilie mchicha wangu.

Kwa mgeni wa kazi yetu: kampuni iko Kinondoni na inapokea abiria wa meli za kitalii. Meli inaingia asubuhi, inatoka jioni. Hapo katikati tunawashusha abiria, tunawatembeza nchi kavu na kuwarudisha. Ukiniuliza mimi, kazi yote iko kwenye neno hilo la mwisho. Kutembeza mtu kila mtu anaweza. Safari ya kaskazini, kwa lugha ya ofisini, ni Dar, Unguja, Tanga, kisha Mombasa. Haihusiani na Serengeti, ingawa ndugu zangu mpaka leo wananiomba picha za simba.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chilumba, mtu wa kusini, mkazi wa Temeke, mwembamba, hana maneno mengi. Siku yangu ya kwanza nilifika bandarini na viatu vya kisigino kirefu. Alivitazama viatu, akanitazama usoni, akaendelea na kazi. Kufikia mchana nilikuwa navishika mkononi. Jioni ndipo aliponipa filimbi yenye kamba na kibao cha namba cha kunyanyua juu ili kundi likuone, na akanipa somo moja: "Usihesabu watu. Watu wanatembea. Hesabu viti vitupu." Tena alisema ukimhesabu mtu kwa kidole anachukia, na wapo kwetu wanaoamini unamwita mkosi. Tangu siku hiyo nilikuwa naingia kwenye basi natafuta viti vitupu tu. Mpaka leo nikiingia kanisani nafanya hivyo, na mchungaji anadhani namkagua.

Sikukaa sana nikaona kwa nini alinifundisha hivyo. Abiria mmoja, mzee mwenye kisukari, mpole, mwenye kofia ya majani, alishuka hapa Dar akaenda na dereva wa teksi kununua kinyago. Akanunua, akalipa, akainuka. Mwenye duka akamwambia, "Mzee, huwezi kuondoka kwangu hivihivi, kunywa hata soda moja." Ikaletwa soda, na kwa mwenye kisukari ilibidi ikabadilishwe, yakaletwa maji, likafuata na bakuli la korosho, mke wa mwenye duka akaitwa aje asalimie. Mzee alipofika gatini, meli ilikuwa imeshapita mlango wa bandari, na sindano zake ziko ndani. Nilimwona mzee yule amekumbatia kinyago chake, anaitazama meli inavyokuwa ndogo. Tuliwahi hospitali, akapona, akasafirishwa kwa ndege kuifuata meli. Mwenye duka alikuja siku ya pili kumwomba radhi, analia, kwa sababu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Hilo ndilo lililonitisha. Mwizi unamwita polisi, lakini mwenye soda unamfanyaje?

Nilipomwuliza Mzee Chilumba kwa nini nahodha asisubiri kidogo tu, alijibu maneno ambayo mmeyasikia kwangu mpaka mmeyachoka. "Meli haina shangazi," alisema. Maana yake, hakuna wa kwenda kuibembeleza. Mwenye basi unaweza kumwita braza. Mwalimu mkuu ana mjomba, hakimu ana mkwe, hata daktari bingwa ana mtu wa kijijini kwao. Meli haina.

Sasa nije kwenye kituo cha bara. Mzee wetu mwanzilishi alipoacha kampuni alikuja mwanawe, Deo, kijana mzuri, msomi, mwenye mawazo mengi kuliko siku za kuyatekeleza. Wenye meli walikuwa wameandika kwamba siku ya Tanga abiria wanaona mapango ya Amboni, wanaona mji, halafu wanashinda melini wanapepewa tu na upepo, hawana la kufanya. Je, kuna kitu huko bara? Deo akaitisha kikao. Mnavijua vikao vyetu. Kila mtu alipendekeza kwao. Kuna aliyependekeza Same, ambako ukifika na kugeuza siku nzima imekwisha. Saidi dereva, aliyeitwa atupe hali ya barabara, akapendekeza Lindi, iliyo upande wa pili wa nchi, kwa sababu eti "na kule kuna bahari nzuri tu." Mwisho Deo akanigeukia. "Mama Hiza, kwenu si Soni? Milima, baridi, mapeasi, maporomoko ya maji. Si ndiyo hiyo sasa?"

Wote wakanitazama, nami nikavuta kalamu, maana nililitaka hilo jambo kuliko wote mle ndani. Shangazi yangu Hilda ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kule Kwemtindi, juu ya Soni. Kila nilipokwenda likizo alikuwa na swali lake. "Hao wageni wako umewapeleka Unguja, umewapeleka Bagamoyo, umewapeleka mapangoni kwa popo. Kwetu lini?" Watu walikuwa wanamwuliza, Hilda, mtoto wako anafanya kazi gani Dar? Anawajibu, anahesabu Wazungu. Wanacheka. Alikuwa amezeeka, mgongo umeanza kupinda, akaniambia waziwazi: "Kabla sijafa nataka niione hiyo kazi kwa macho yangu, hapa uani kwangu." Mtu anayekuuliza hivyo ndiye aliyekuwa anakuvunia kahawa upate ada. Utamjibu nini?

Nikapiga hesabu. Abiria washuke saa moja asubuhi. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu uanze kona za kupanda: saa tatu, kama hakuna lori lililolala barabarani. Kurudi vivyo hivyo. Meli inatoka saa kumi na moja jioni, kwa sababu rubani wa bandari ana ratiba yake na maji ya kupwa na kujaa yana yake. Zinabaki saa tatu za kukaa kijijini na moja ya akiba. Kwenye karatasi ilikaa vizuri kabisa. Karatasi haijawahi kuchelewa popote.

Deo akasema abiria watahitaji viti vyepesi vya kukunja, vya kubeba kwenye basi, maana wazee wale hawawezi kukaa kwenye majani. Nikatumwa Keko kwa fundi seremala. Nilimweleza vizuri kabisa: viti vyepesi, vya kukunjwa, mtu anakinyanyua kwa mkono mmoja. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akapiga kipimo hewani. Nilipokwenda kuvichukua nikakuta viti vya mbao nzito ya mninga, vina mikono, vina mgongo wa kuchonga, kimoja kinabebwa na watu wawili. Nikamwuliza, fundi, hiki ndicho chepesi? Akanijibu kwa upole kama anayemweleza mtoto: "Mama, umesema ni vya wageni. Mgeni humkalishi kwenye kiti cha kukunja, atajisikiaje?" Nilitaka kukaa chini pale pale Keko nilie, na bahati nzuri viti vilikuwepo.

Nikasema hapa haendi abiria hata mmoja kabla hatujaijaribu njia. Sie wa ofisini twende kama abiria, tuanzie kwenye geti la bandari ya Tanga saa ileile, turudi pale pale. Nikampigia shangazi.

"Shangazi, wanaokuja si wageni. Ni watu wa ofisini, tunapima muda tu."

"Nimekuelewa."

"Chai, ndizi, kuzunguka shambani kidogo, basi."

"Nimekuelewa, mwanangu. Chai."

"Hakuna kwaya."

"Kwaya ya nini tena, na umesema ni watu wa ofisini?"

Tulilala Tanga, viti vya Keko vimefungwa juu ya gari. Asubuhi tukaondoka tumechelewa, kwa sababu Rukia, mhasibu wetu anayeishi Kigamboni, alikuwa hajamaliza kupiga pasi. Miaka yote Rukia amechelewa kazini kwa sababu ya pantoni, kile kivuko cha kwao. Tanga hakuna pantoni ya Kigamboni. Alichelewa vilevile. Nikajisemea, sawa, akiba ipo.

Kwaya ilitupokea njia panda. Walikuwa wamevaa sare, wameshika matawi, na wakatembea mbele ya gari wakiimba, kwa mwendo wa kwaya. Saidi aliendesha gia ya kwanza huku akitikisa kichwa kwa raha. Uani kwa shangazi kulikuwa na turubai, meza yenye kitambaa cha kufuma, jenereta na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Njia yote kutoka barabarani mpaka mlangoni wanawake wa kikundi chake walikuwa wamepanda maua pande zote mbili, na ukuta umepakwa chokaa upya. Shangazi alisimama mlangoni na kitenge kipya. Nikamshika mkono, shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, tulisemaje?" Akanijibu bila kunitazama, "Chai ipo."

Nyie mnajua jinsi sherehe zetu zinavyokwenda, hamhitaji kufundishwa. Kulikuwa na sala. Kulikuwa na utambulisho, kila mwanakikundi anasimama, anataja jina, ubini na kazi yake kikundini, halafu na sie tukajitambulisha mmoja mmoja, na Saidi akaeleza ukoo wake wote wa Lindi mpaka kwa babu mzaa babu. Ikasomwa risala. Ilianza na historia ya kikundi, ikaja mafanikio, ikaja changamoto. Risala isiyo na changamoto haijawahi kusomwa katika nchi hii. Halafu mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tunamkaribisha mgeni rasmi. Nikageuka kumtafuta ni nani. Deo alikuwa anafunga kifungo cha koti.

Nikamshika mkono. "Wewe ni abiria, Deo. Leo wewe ni Mzungu kutoka melini. Wazungu hawahutubii."

"Mama, wameshaniita. Nitakataaje?"

Akasimama, akasema hakuja na hotuba. Mtu akianza kwa kusema hakuja na hotuba, tafuta mto ulale. Alishukuru, akaahidi, akasifu hewa, akakumbuka marehemu bibi yake, akaahidi tena. Mie nilikuwa na saa mkononi. Muda wa kuzunguka shambani ulikuja ukapita, hakuna aliyeona hata mche mmoja wa kahawa. Ilipofika saa saba, saa ya kuingia kwenye gari, nilifanya nilichofanya maisha yangu yote: nilinyanyuka, nikaweka filimbi mdomoni nikapuliza.

Hata jenereta nadhani lilishtuka. Shangazi akanitazama kutoka upande wa pili wa uwanja. "Filimbi ya nini?" akauliza. "Kuna mpira?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamtazama Saidi, ambaye alitakiwa awe ameshika usukani. Alikuwa amekaa meza kuu kando ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa heshima ya mtu aliyeleta wageni, na ameshafunguliwa soda. Nikamtazama Rukia. Mtu wa hesabu, nikajua yeye atanielewa. Rukia akaninong'oneza, kwa huruma ya kweli, "Mama Hiza, wali bado."

Basi nikakaa, kwenye kiti cha Keko. Ningefanya nini? Hakuna mtu aliyezaliwa katika nchi hii anayeweza kuinuka kwenye uwanja ambao wali uko jikoni na umeshatangazwa. Chakula kilipokuja kilikuwa kitamu, na hilo liliniudhi zaidi. Baada ya chakula likaja neno la shukrani, na picha ya pamoja, na picha ya wanawake peke yao, na picha ya mgeni rasmi na kikundi, na zawadi: mapeasi, kabichi, na jogoo wa mgeni rasmi. Vikapandishwa juu ya gari na kufungwa kamba. Viti vya Keko tuliviacha, maana hakukuwa na mwanaume aliyekula wali ule aliyeweza kuvibeba tena.

Saa kumi na moja jioni, saa ya meli kutoka, tulikuwa ndiyo kwanza tumeshuka mlima, tunaitafuta Korogwe, na jogoo anawika juu ya paa la gari. Nikasimama katikati ya gari nikapuliza filimbi. "Meli imeondoka," nikawaambia. Deo akacheka. Nikauliza ni nani humu anameza dawa kila siku. Saidi akainua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, maana ana presha. Nikamwambia dawa zako zinaelekea Mombasa. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka mpaka Tanga.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Yalianza upya. Wiki nzima Deo alikuja mezani kwangu na mawazo. Tuwasafirishe abiria kwa gari moja kwa moja mpaka Mombasa waikute meli kule, kana kwamba mpakani Horohoro hakuna watu wanaogonga mihuri. Tuwaombe wenye meli walale Tanga. Tuwaambie kijijini wafupishe. "Mama, wewe si ndiye mwenye kijiji? Waambie tu." Waambie tu! Nikampigia shangazi.

"Shangazi, ilikuwa nzuri sana. Lakini lazima tupunguze."

"Tupunguze nini? Sala?"

"Hapana, sala iwepo."

"Utambulisho? Watu waje kwangu waondoke sijui majina yao?"

"Labda risala..."

"Risala ndiyo maneno yetu. Wakija tukae kimya tuwatazame?"

"Basi chakula, shangazi. Wana chakula melini."

"Mgeni aondoke kwangu na njaa," akasema polepole. "Hilo ndilo ulilojifunza huko Dar?"

Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo. Akaniambia haraka haraka haina baraka. Tukashindana kwa methali mpaka simu ikakatika, na hakuna aliyeshinda, kwa sababu wahenga walikuwa watu waangalifu, walituachia za pande zote mbili.

Jumamosi nikaenda Temeke kwa Mzee Chilumba. Alikuwa amestaafu zamani, nikamkuta barazani anashona kamba ya kiatu. Nilimmwagia yote: Deo, fundi, kwaya, filimbi, jogoo. Nilikuwa na hasira hata chai sikuinywa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shangazi yako ana kosa?" akaniuliza.

"Hana."

"Bosi wako?"

"Analo."

"Huyo ni bosi, hawezi kulikosa. Sasa yule mzee wetu wa kinyago. Umkute tena amesimama Tanga, meli imeenda na sindano zake. Utamwambia alikuwa anasubiri wali?"

Alikuwa amemaliza kushona, akaanza kushona kiatu cha pili.

Jumatatu niliandika hapana. Mratibu ndiye anayesaini njia, na bila saini yangu abiria hashuki. Deo hakuamini. "Mama, unaua kitu cha kwenu mwenyewe?" Yakasemwa mengi ofisini. Wapo waliosema namwonea shangazi yangu haya mbele ya Wazungu, wengine eti sitaki watu waone nilikotoka. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu mnakujua, milango inafungwa kwa nguvu. Siku ya Tanga tukaongeza Pangani, ambako mtu anaona mto, anakula samaki, anarudi mapema na kuanza kulalamika kwamba anapepewa tu melini.

Shangazi nilimpigia mwenyewe, sikutuma mtu. Nikamwambia wageni hawatakuja. Nikamweleza, meli haiwezi kusubiri.

"Kwani nani aliiambia meli isubiri?" akasema. "Mimi nilisema nyie mkae."

Akakata. Kuanzia siku ile nilipopiga simu alinijibu nzuri, nzuri, tunamshukuru Mungu, na kumpa simu jirani. Likizo nilikwenda nikamkuta ana safari ya Lushoto. Ilijirudia mwaka uliofuata. Maua yale ya njiani aliyaacha yakamezwa na magugu. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika. Kama ningeweza kusaini ya shangazi na ya meli, ningesaini zote. Lakini nilipokuwa naingia kwenye basi Tanga, nikatafuta viti vitupu nisivione, nilijua nilikuwa na haki. Kuwa na haki hakukupi mtu wa kuzungumza naye likizo.

Nikastaafu. Mkanipa saa. Siku chache baadaye simu ikaita asubuhi, nikasikia sauti ya shangazi, kavu kama siku zote. "Nasikia wamekuachia." Nikasema ndiyo, shangazi, shikamoo. "Marahaba. Njoo Jumamosi." Hakuna zaidi.

Nilipanda basi mpaka Mombo, nikapanda gari ndogo mpaka njia panda ya kwetu, nikateremka na begi moja, nikakuta kwaya. Sare zilezile. Nilitafuta nyuma yangu nani anayepokewa, hapakuwa na mtu. Wakatembea mbele yangu kwa mwendo uleule wa kuudhi, nami nyuma na begi langu, mpaka uani. Magugu ya njiani yalikuwa yamefyekwa. Turubai lipo, jenereta lipo, mshereheshaji ni yuleyule, ameota kitambi. Katikati ya meza kuu kilikuwepo kiti kimoja cha Keko, kimepakwa vanishi, nikaelekezwa hapo. Sala. Utambulisho, wote, pamoja na watu walionibeba mgongoni, wakinitajia majina yao kana kwamba hatujaonana. Nilijikuta naanza kuchemka. Baada ya mwendo wote huo nilikuwa na njaa na miguu imevimba, na ndipo tu mshereheshaji akatangaza risala.

Aliisoma mjukuu wa shangazi, mwalimu. Ndugu mgeni rasmi, sisi wanakikundi. Historia. Mafanikio. Kisha akageuza ukurasa. "Ndugu mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo tunayo changamoto moja. Mtoto wetu ana haraka. Tulimlea hapa, akaondoka kwa haraka, akawa anakuja kwa haraka, na alipotuletea wageni akawapulizia filimbi. Tulielezwa kuwa ni kazi. Tunaomba, kama itawezekana, sasa akae."

Mgeni rasmi hujibu risala, nami nilisimama kwenye kipaza sauti, nikasema sikuja na hotuba, nikashindwa kuendelea. Mkono ulikwenda wenyewe kifuani kutafuta filimbi. Haikuwepo, nilimwachia Neema.

Kwa hiyo Neema, jibu langu kwa bosi ni lilelile, hapana, na mwonyeshe haya niliyoandika. Meli haina shangazi. Mie ninaye, na kumbe na yeye alikuwa na ratiba.

Siku ile, nilipoacha kipaza sauti, nilirudi kukaa. Jua lilikuwa limeshaanza kwenda nyuma ya mlima, na jikoni bado kulikuwa kunafuka moshi. Shangazi akavuta kiti chake karibu na changu, akakunja kitenge magotini.

"Unaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

"Sijui, shangazi."

"Basi tulia," akasema. "Wali bado."